Kutoka Siwindhe hadi Darasani: Mazungumzo juu ya Hadithi za Mapenzi katika Nyanza ya Kusini

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata waandishi na vitabu vyao kuliko kwa kufuata wasomaji na mazungumzo yao. Tunajua mwaka ambao riwaya fulani ilitoka na nani aliichapisha; hatujishughulishi sana na nani aliisoma, aliisoma pamoja na nani, na walizungumza nini walipoifunga. Upungufu huu unadhihirika zaidi tunapoiangalia hadithi ya mapenzi. Utanzu huu umesomwa na watu wengi na kuhakikiwa na wachache, na mara nyingi wachache hao wameuhakiki kwa nia ya kuukemea.

Makala haya yanachunguza historia ya mazungumzo juu ya kusoma na kuandika hadithi za mapenzi katika eneo ambalo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori. Kwa muda mrefu eneo hili lilijulikana kama Wilaya ya Nyanza ya Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Migori ilitengwa kuwa wilaya yake, na mwaka wa 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi chini ya Katiba ya 2010. Pale ambapo ushahidi wa Wajaluo wa kaskazini mwa Ghuba ya Winam unaangaza suala letu, tumeutumia pia, kwa kuwa lugha na mila za pande hizo mbili ni za asili moja.

Hoja yetu ni kwamba hadithi ya mapenzi katika eneo hili imesimamishwa mbele ya mabaraza matatu, yaani misheni, shule na uhakiki wa chuo kikuu. Mabaraza hayo yametofautiana kwa mengi, lakini yote yameiuliza hadithi hiyo swali moja: ina faida gani? Kabla yao kulikuwa na baraza jingine, la wasichana na bibi kizee, ambalo liliuliza swali tofauti: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Tunadai kwamba swali hili la pili halikufa. Lilihamia katika barua, katika riwaya za waandishi wa kike wa kanda ya ziwa, na katika usomaji ambao haukutahiniwa na mtu yeyote.

2.0 Siwindhe na oigo

Katika boma la Wajaluo wa zamani, siwindhe ilikuwa nyumba ya mwanamke mzee ambamo wasichana, na watoto wa kiume ambao hawajapata simba yao wenyewe, walilala na kulelewa. Ndimo zilimosimuliwa sigana, yaani ngano na visa vya aina mbalimbali. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao Siaya (1989), wamemweleza kwa kina mlezi wa nyumba hiyo aliyeitwa pim. Sifa yake moja inatuhusu hapa. Pim mara nyingi alikuwa mgeni katika ukoo ule. Alikuwa mwanamke aliyepita umri wa kuzaa, aliyeletwa kutoka kwingine, na aliyejua watu na habari za mbali. Kwa kuwa hakuwa mama wa wasichana wale, aliweza kuwaambia mambo ambayo mama mzazi asingeyatamka. Uchumba, tamaa, mipaka ya ziara za usiku katika simba za wavulana, mume mkali na mke mwenza mwenye husuda: haya yote yalikuwa mada halali katika siwindhe.

Fasihi ya mapenzi haikuwa na mkufunzi tu, bali pia ilikuwa na watunzi wake, nao walikuwa wasichana wenyewe. Henry Owuor-Anyumba, ambaye mwaka wa 1968 alishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong kudai Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo cha Nairobi, aliandika juu ya oigo. Hizi zilikuwa nyimbo ambazo wasichana waliziimba wakitembea usiku kuelekea kwa wavulana, kwa sauti iliyoigiza mlio wa ndege. Katika oigo msichana alijisifu, alilalama, na alimtaja kijana aliyemtaka au aliyemkosea. Sauti inayotamani ilikuwa ya kike, nayo ilisikika hadharani, njiani. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba hadithi ya mapenzi ni bidhaa iliyoletwa na meli kutoka Ulaya.

Hata hivyo, tusiipambe jadi kupita kiasi. Visa vikuu vya pwani ya ziwa havimtendei mwanamke haki sawasawa. Nyamgondho wa Gwassi, maskini aliyemvua bibi kizee kwa nyavu zake akatajirika, alimtukana mke huyo kwa ulevi, na mali yote ikamfuata mwanamke ziwani. Kisa hiki kinamlaumu mume, na watu wa Nyandiwa huonyesha mahali kilipotukia. Lakini katika kisa cha Luanda Magere, mke wa kigeni ndiye anayetoa siri ya kivuli cha mumewe, na mapenzi yanakuwa mlango wa usaliti. Jadi, kwa hiyo, haikutoa fundisho moja. Ilitoa kesi, na kila kesi ilimtaka msikilizaji achague upande.

3.0 Josomo na mashaka juu ya hadithi

Mwezi wa Novemba 1906, Arthur Carscallen, mmishonari wa Kiadventista kutoka Kanada, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, walifika Gendia karibu na Kendu Bay. Carscallen alijifunza Dholuo, akaandika sarufi yake na kutafsiri sehemu za Agano Jipya. Kufikia mwaka wa 1913 misheni hiyo ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na kutokana na mtambo huo kukakua shirika la uchapishaji la Africa Herald. Baadaye Waadventista waliimarisha kituo cha Kamagambo, katika Migori ya leo, nao Wakatoliki wakajenga misheni na shule Asumbi na Rapogi. Ni dhahiri kwamba Nyanza ya Kusini ilipata kitabu kilichochapishwa papo hapo mapema kuliko sehemu nyingi za bara la Kenya.

Neno lililotumika kuwaita waongofu wa mwanzo ni josomo, yaani wasomaji. Wakristo wa Buganda nao waliitwa hivyo hivyo kwa lugha yao. Katika msamiati huo, kusoma hakukuwa ustadi tu, bali kulikuwa tendo la imani: aliyesoma alikuwa ameuacha ulimwengu mmoja na kuingia mwingine. Kutokana na maana hiyo, kusoma kwa ajili ya starehe kulikuwa jambo gumu kulitetea. Katika mapokeo ya Kiadventista ugumu huo uliandikwa waziwazi. Ellen G. White, katika Education (1903) na The Ministry of Healing (1905), aliwaonya waumini dhidi ya hadithi za kubuni, akishikilia kwamba zinaidhoofisha akili na kuifanya ichoshwe na kazi za kila siku. Mtambo uliowafundisha watu wa Karachuonyo kusoma ulikuwa mali ya kanisa lililoishuku riwaya.

Mfano bora wa hali hii ni Paul Mboya, mchungaji wa Kiadventista aliyekuwa baadaye chifu wa Karachuonyo. Kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi kilitolewa mwaka wa 1938, na ni miongoni mwa vitabu vya Dholuo vilivyosomwa sana. Humo uchumba, mahari na arusi vimeelezwa kwa utaratibu na kwa undani. Lakini vimeelezwa kama desturi, yaani jinsi mambo yanavyotendwa na watu wote, si jinsi yalivyompata mtu mmoja. Mboya aliyahifadhi mapenzi kwa kuyaondolea wapenzi. Hatusemi hivi kwa kumbeza, kwani bila yeye tungepoteza mengi. Tunasema ili kuonyesha kwamba nathari ya kwanza ya eneo hili juu ya ndoa ilikuwa ya kisheria na ya kimila, na kwamba msichana mwenye jina, anayetaka hiki na kukataa kile, hakuwa na nafasi ndani yake. E. E. Evans-Pritchard, aliyefanya utafiti Nyanza mwaka wa 1936 na kuchapisha makala juu ya ndoa za Wajaluo mwaka wa 1950, aliandika kwa mtazamo huo huo wa kanuni.

4.0 Barua kama chimbuko la uandishi

Nafasi ambayo kitabu kiliikataa ilipatikana katika barua. Wanaume wa Nyanza ya Kusini walikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, katika reli, Nairobi na Mombasa, na wengine katika machimbo ya Macalder. Waliobaki nyumbani waliwasiliana nao kwa maandishi. Mke asiyejua kusoma alihitaji mtoto wa shule amsomee barua ya mumewe na kumwandikia jibu. Barua ya mapenzi, kwa hiyo, haikuwa siri ya watu wawili. Ilipita mikononi na vinywani mwa wengine, ikafasiriwa, ikarekebishwa, na aliyeiandika kwa niaba ya mwingine alijifunza kazi ya mtunzi, yaani kusema kwa nafsi isiyo yake. Lynn Thomas ameonyesha, kwa kutumia kesi za Meru za mwishoni mwa ukoloni, jinsi barua za wapenzi zilivyowasilishwa mahakamani kuwa ushahidi wa ahadi ya ndoa. Maneno ya mapenzi yaliyoandikwa yalikuwa na uzito wa kisheria ambao maneno ya mdomo hayakuwa nao.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi kwamba barua ilizaa fasihi. Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka wa 1930 na kukulia Asembo, alisimulia katika mahojiano kwamba kipaji chake kilitambuliwa kwanza na mchumba wake, mwanahistoria Bethwell A. Ogot, kutokana na barua alizomwandikia kabla hawajaoana mwaka wa 1959. Mchumba huyo ndiye aliyemshauri aandike hadithi. Uandishi wa mmoja wa waanzilishi wa fasihi ya kisasa ya Kenya ulikuwa na msomaji wake wa kwanza katika uchumba. Wanahistoria wa fasihi wamekitaja kisa hiki kama pambo la wasifu tu. Sisi tunakiona kuwa ni jambo la msingi, kwa sababu kinaiunganisha riwaya na utanzu ulioizaa.

Barua ilipata pia sura ya hadharani. Jarida la Drum, lililosomwa sana Afrika Mashariki, lilikuwa na safu ya ushauri iliyotolewa kwa jina la Dolly. Kenda Mutongi amechunguza barua ambazo vijana waliipelekea safu hiyo kati ya mwaka wa 1960 na 1980. Katika barua hizo vijana wanauliza maswali ya siwindhe: je, anayenipenda anadanganya? Je, nimfuate mzazi au moyo wangu? Dolly lilikuwa jina la safu, si mtu mmoja, na huo ugeni wake ndio uliomfaa. Kama pim, alitoka mbali, hakuwa wa ukoo, na aliweza kuulizwa lolote.

5.0 Waandishi wa kike wa kanda ya ziwa

Mwaka wa 1962 Grace Ogot alihudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika huko Makerere, na huko akasoma hadithi yake juu ya binti wa mtemi anayetolewa kafara ili mvua inyeshe. Hadithi hiyo ilichapishwa na Black Orpheus mwaka wa 1963, kisha ikaingia katika mkusanyiko wa Land Without Thunder (1968) kwa jina la "The Rain Came". Wahakiki wengi wameisoma kama hadithi ya mila na kafara. Tukiisoma kama hadithi ya mapenzi, muundo wake unabadilika. Oganda anakwenda ziwani huku ukoo ukimsifu kwa kufa kwake. Osinda, mpenzi wake, anamfuata, anamwokoa na kutoroka naye. Na mvua inanyesha hata hivyo. Mwandishi hatuelezi kwa nini. Je, kafara haikuhitajika tangu mwanzo? Je, wahenga waliridhika na nia tu? Au wapenzi wameiba baraka ambayo si yao? Hadithi inaishia pale ambapo mazungumzo ya wasikilizaji yangepaswa kuanza, na huo ndio ustadi wa msimulizi wa siwindhe.

Riwaya yake ya kwanza, The Promised Land (1966), inaendeleza swali hilo ndani ya ndoa. Nyapol anamfuata Ochola hadi ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Tanganyika, bila kuridhika na uamuzi huo. Uhamaji wa Wajaluo kuelekea kusini, ambao ni sehemu ya historia ya kila familia ya Migori, umeonyeshwa hapa kwa macho ya mke anayejiuliza utii una mipaka gani. Kisha, katika miaka ya mwanzo ya 1980, Ogot aligeukia Dholuo na kuchapisha Ber Wat, Aloo kod Apul-Apul, Simbi Nyaima na Miaha. Alieleza kwamba mama yake ndiye aliyemhimiza aandike kwa lugha ya watu wake. Simbi Nyaima limekopa jina la ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay, ambalo kwa mujibu wa kisa cha wenyeji ni kijiji kilichozama baada ya kumnyima mwanamke mzee hifadhi. Miaha, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na Okoth Okombo kuwa The Strange Bride (1989), inamhusu Nyawir, bibi arusi anayeligusa jembe la miujiza kinyume cha mwiko na hivyo kuwaletea watu kazi ya jasho. Kisa kama hiki kinapotolewa kwa muhtasari, bibi arusi huwa mkosaji. Riwaya inampa Nyawir nia, mume anayempenda na sababu zake, na msomaji hawezi tena kumhukumu kwa sentensi moja.

Marjorie Oludhe Macgoye alikuja Kenya mwaka wa 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa katika jamii ya Wajaluo mwaka wa 1960, na katika Coming to Birth (1986) akaieleza ndoa ya Paulina na Martin sambamba na historia ya taifa. Asenath Bole Odaga alianzisha shirika la Lake Publishers mjini Kisumu mwaka wa 1982 ili vitabu vya Dholuo na vya wanawake visiusubiri uamuzi wa Nairobi. Margaret Ogola, daktari wa watoto, alitoa The River and the Source mwaka wa 1994, na mwaka uliofuata riwaya hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta na tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza katika kanda ya Afrika.

Ogola anastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Riwaya yake husifiwa kwa kuonyesha vizazi vya wanawake wenye nguvu, lakini kinachouwasha moto wa masimulizi ni mapenzi ya Owuor Kembo kwa Akoko. Mtemi huyo anatoa ng'ombe 30 bila ubishi na anakataa kuoa mke wa pili, ingawa mama yake analalamika. Mapenzi hayo yanageuka kuwa kipimo. Baada ya kifo cha Owuor, shemeji mwenye tamaa, na baadaye mrithi anayemchukua Nyabera, wanapimwa kwa mizani ya Owuor nao wanaonekana wepesi. Hapa hadithi ya mapenzi inafanya kazi ya uhakiki wa jamii bila kuacha kuwa hadithi ya mapenzi. Anayeidharau sehemu hiyo akiichukua ile ya siasa hataielewa hata hiyo siasa.

6.0 Soko na mahakama ya wahakiki

Wakati waandishi hawa wakiandika, soko la vitabu vya bei nafuu lilikuwa limefunguka. Taban lo Liyong alilalamika mwaka wa 1965 kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi. Miaka kumi baadaye malalamiko yalikuwa juu ya magugu. Charles Mangua alitoa Son of Woman mwaka wa 1971. David Maillu, kupitia shirika lake la Comb Books, alitoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka wa 1973, na After 4.30 mwaka uliofuata. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake mwaka wa 1976. Heinemann walianzisha mfululizo wa Spear mwaka wa 1975, na miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo kilikuwamo Sugar Daddy's Lover cha Rosemarie Owino. Macmillan wakafuata na Pacesetters mwaka wa 1977, ambamo Maillu alichapisha For Mbatha and Rabeka (1980), hadithi ya mapenzi isiyo na matusi yaliyompa umaarufu. Sambamba na hivi vilikuwapo vitabu vya Mills & Boon, vilivyopita kutoka mkono hadi mkono katika mabweni ya wasichana nchini kote hadi majalada yakachakaa.

Chuo kikuu kilijibu kwa ukali. Chris Wanjala, katika The Season of Harvest (1978) na maandishi mengine, alivishutumu vitabu hivi kuwa vinaipotosha hadhira na kuikwepa kazi ya fasihi katika nchi changa. Hoja yake ilikuwa na uzito: mwanamke katika vitabu vingi vya Maillu ni chambo cha soko. Lakini shutuma hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, iliweka katika kapu moja Maillu, Owino na hadithi tulivu za uchumba, kana kwamba kuandika juu ya mapenzi ni kosa moja lisilo na ngazi. Pili, haikumhoji msomaji. Mwaka wa 1984 Janice Radway alichapisha utafiti wake juu ya wanawake wa mji mmoja wa Marekani waliosoma riwaya za mapenzi, akaonyesha kwamba tendo la kusoma lilikuwa kwao dai la muda wa faragha katika nyumba inayowadai kila dakika. Mtu anaweza kukataa kwamba matokeo hayo yanafaa Rongo au Mbita, ambako faragha yenyewe ina maana nyingine. Hawezi kukataa kwamba swali lafaa kuulizwa.

Kwetu tunaona kwamba msomaji wa Nyanza ya Kusini hakusoma ili ajitenge tu. Kitabu kimoja chenye wasomaji kumi hakiwezi kuwa cha faragha. Kinasomwa kwa zamu, kinasimuliwa kabla hakijamalizika, na wahusika wake wanahukumiwa na kundi. Kilichobadilika kutoka siwindhe ni kwamba mzee hayupo. Bweni la shule liliwakusanya wasichana kama siwindhe ilivyowakusanya, lakini badala ya pim kukawa na kitabu cha mgeni. Kitabu hicho kilijua mengi ya mbali, ila hakikuweza kujibu swali alipoulizwa.

7.0 Darasa, mtihani na Kiswahili

Kiswahili kiliingia katika mazungumzo haya kwa nguvu kupitia mfumo wa 8-4-4. Kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka wa 1981, mfumo huo ulianza mwaka wa 1985 na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Kwa vijana wa Migori na Homa Bay, hii ilikuwa na maana kwamba masimulizi marefu ya mapenzi kwa Kiswahili yaliwafikia kwa mkono wa mwalimu, nayo mengi yalitoka pwani na visiwani. Riwaya kama Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed, ambamo mapenzi ya Bahati yanafanyiwa biashara, na Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, ambamo Maimuna anatoroka ukuta wa baba yake na kuanguka mikononi mwa ulimwengu, ni kazi nzito za uhalisia. Humo mpenzi ni nadra kushinda.

Tatizo halikuwa riwaya hizo, bali namna ya kuzisoma. Mtihani huuliza maudhui, dhamira na mafunzo. Maimuna huwa "athari za malezi mabaya", na Bahati huwa "tamaa ya mali". Mwanafunzi anayeandika kwamba Maimuna alikuwa na haki ya kutoroka, na kwamba yeye mwenyewe angetoroka, hajui kama atapewa alama. Hivyo shule ilirithi swali la josomo bila kujua. Misheni iliuliza kama hadithi inaijenga roho; mtahini anauliza kama inaijenga jamii. Wote wawili wanamtaka msomaji asimame nje ya tamaa ya mhusika na kuihukumu.

Kiswahili cha nje ya darasa kilikuwa na mwenendo tofauti. Eneo hili linapakana na Tanzania kule Isibania na Sirari, na muziki ulivuka mpaka huo bila pasipoti. D. O. Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati, alikuwa miongoni mwa vigogo wa benga. Okatch Biggy aliimba wanawake kwa majina yao, kama oigo ilivyowataja vijana, ila sasa anayetamani na kusifu alikuwa mwanamume na anayesifiwa alikuwa kimya. Katika miaka ya 1990, Princess Jully wa Migori, aliyeiongoza Jolly Boys Band baada ya kifo cha mumewe, aliwaonya wapenzi juu ya ukimwi kwa Kiswahili katika wimbo wa "Dunia Mbaya". Sauti ya kike ilirudi hadharani, lakini ilirudi ikiwa na msiba.

Msiba huo ndio unaolifanya suala letu lisiwe la anasa. Makadirio ya kitaifa yaliyotolewa mwaka wa 2014 yaliiweka Homa Bay mbele ya kaunti zote kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi, kwa asilimia 25.7 ya watu wazima, na Migori kwa asilimia 14.7. Katika mazingira hayo kila hadithi ya mapenzi ilitakiwa iwe onyo. Tamthilia za shuleni, mabango na nyimbo zilimwonyesha msichana njia ya kukataa. Hilo lilikuwa la lazima, na hatuna haja ya kulipinga. Lakini onyo humfundisha mtu kukataa tu, halimfundishi kupima. Mchuuzi wa samaki ufuoni ambaye mvuvi anamtaka mwili kabla ya kumuuzia, au mjane anayeambiwa arithiwe, anahitaji zaidi ya neno "hapana". Anahitaji kuwa amewahi kuizungumza kesi kama yake, pamoja na wengine, kabla haijawa yake. Hicho ndicho Akoko, Nyapol na Nyawir wanachoweza kumpa msomaji, iwapo watasomwa kama watu na si kama mafunzo.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hadithi ya mapenzi katika Nyanza ya Kusini haikuanza na kitabu cha bei nafuu, wala haikukoma pale ilipokemewa. Ilikuwapo katika oigo na sigana. Ikabanwa na maana mpya ya kusoma iliyoletwa na misheni. Ikapata njia katika barua. Ikachukuliwa na waandishi wa kike wa kanda ya ziwa na kufanywa sanaa. Ikauzwa sokoni kwa wema na kwa ubaya. Na ikaingizwa darasani ambako ilitakiwa kutoa funzo.

Yapo mambo mawili yanayoihusu idara yetu na nyingine kama yetu. La kwanza ni la utafiti. Mgawanyo wa fasihi pendwa na fasihi dhati umetusaidia kupanga rafu za maktaba, lakini umetuzuia kuona kwamba msomaji yule yule alisoma pande zote mbili, na kwamba alizungumzia zote kwa lugha moja. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wangefanya vyema kukusanya kumbukumbu za wasomaji wa mabweni ya miaka ya 1970 na 1980 wangali hai, kama Owuor-Anyumba alivyokusanya oigo zilipokuwa zikififia. La pili ni la ufundishaji. Walimu wa kesho wanaofunzwa vyuoni mwetu ndio watakaozifungua riwaya hizi Ndhiwa, Suba na Kuria. Wakiuliza tu mwandishi anatufunza nini, watapata majibu yaliyokaririwa. Wakiuliza kwanza swali la siwindhe, darasa litabishana, na msichana anayenyamaza nyuma ya chumba huenda akawa ndiye mwenye la kusema. Mafunzo yatafuata baadaye, nayo yatakuwa yake.